Wacheni Watoto wa Chekechea Wavute Pumzi

Mwaka huu sitaki kuandika juu ya mihadarati wala juu ya umuhimu wa Kiswahili, kwa maana mambo hayo wenzangu huyaandika kila mwaka hata wino wenyewe umechoka. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo nikilitaja tu darasani watu huangua kicheko: yoga na mazoezi ya kupumua kwa watoto wa chekechea. Naam, wale wa PP1 na PP2, wenye umri wa miaka minne na mitano, ambao hata kamba ya kiatu bado inawashinda.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kusema nimemzungusha. Mimi naunga mkono. Lakini naunga mkono kwa masharti, na masharti yenyewe si machache.

Hapa Nakuru, mtaani kwetu, kuna shule moja ya chekechea ambayo sitaitaja jina. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, yuko PP2 hapo. Muhula wa kwanza wazazi waliitwa mkutanoni, nami nikaandamana na mama, kwa sababu mama husema mimi ndimi karani wake. Mwalimu mmoja kijana alisimama akaomba ruhusa: kila asubuhi kabla ya somo la kwanza, dakika tano tu za kunyoosha viungo na kuvuta pumzi polepole. Kisha akalitaja neno yoga. Lo! Ungedhani ametaja swila. Mzee mmoja akasema hiyo ni dini ya watu. Mama mmoja akasema huo ni mchezo wa matajiri wa Nairobi. Wa tatu akauliza, yeye analipa karo ili mtoto ajue kusoma ama ajue kupumua, kwani kuna mtoto anayezaliwa hajui kupumua? Watu wakacheka, mwalimu mkuu akasema jambo hilo limeahirishwa, na yule mwalimu akaketi akiangalia viatu vyake. Mkutano ukaendelea na habari ya pesa za uji.

Kicheko kile hakikunifurahisha, ingawa lazima nikiri kwamba swali la yule mzazi wa tatu lilikuwa na utamu wake. Hoja zenyewe si za kipuuzi. Zinastahili kujibiwa.

Nianze na ya dini, maana ndiyo iliyo nzito. Ni kweli yoga ilianzia Bara Hindi tangu zama za kale, na jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, au kufunga nira. Imefungamana na Uhindu, na pia na Ubudha na Ujaini. Anayewaambia wazazi kwamba yoga haijawahi kuhusiana na dini yoyote anawaficha jambo, na mzazi akigundua amefichwa, hata zuri lililomo atalitupa. Kwa hivyo yule mzee hakukosa kuuliza. Isitoshe, si sisi wa Nakuru pekee tuliouliza.

Kule Marekani, katika jimbo la Alabama, bodi ya elimu ilipiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993. Marufuku hayo yalidumu miaka 28. Mwaka 2021 ndipo sheria mpya ilipopitishwa kuruhusu shule zinazotaka kuifunza, lakini kwa masharti makali: mikao iitwe kwa majina ya Kiingereza tu, kusiwe na kuimba maneno ya ibada, hata ile salamu ya namaste isitamkwe, na mzazi atie sahihi. Katika mji wa Encinitas, jimbo la California, wazazi waliishtaki wilaya ya shule kwa kuwafunza watoto wa shule za msingi yoga. Mwaka 2013 jaji aliamua kwamba asili ya yoga ni ya kidini, sawa, lakini yale yaliyokuwa yakifunzwa katika shule zile hayakuwa ibada. Wazazi wakakata rufani, na mwaka 2015 mahakama ya rufani ikakubaliana na jaji yule. Mimi huona kwamba jaji alitumia akili. Hakuuliza kitu kimetoka wapi peke yake. Aliuliza pia, mbona msiende darasani mkaone mtoto anafanya nini hasa?

Na mtoto wa chekechea anafanya nini hasa? Anasimama kwa mguu mmoja. Anainua mikono. Anainama kama paka aliyeamka usingizini. Anavuta pumzi kwa pua, anaitoa kwa mdomo. Sasa jamani, pumzi ni ya dhehebu gani? Wenzetu Waislamu hurukuu na kusujudu, sisi wengine hupiga magoti kanisani, lakini mwalimu wa michezo akituambia tupige magoti ili tuanze mbio hakuna anayedhani tumeanza misa. Nao watu wenye asili ya Kihindi si wageni hapa. Wengi wao babu zao walizaliwa nchini, na mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Chapati tumeipokea kwa mikono miwili. Siku ya Krismasi nyumba isiyo na chapati huonekana kama imefiwa, na sijasikia mchungaji akiuliza chapati ilibatizwa wapi.

Hata hivyo, sipendi kumshinda yule mzee kwa maneno tu. Sharti langu la kwanza ni kwamba wazazi waambiwe kila kitu: asili ya mazoezi haya, yatakayofanywa na yasiyofanywa. Maneno ya ibada yaachwe nje. Sanamu zisiwepo. Mzazi ambaye bado moyo wake umekataa, mtoto wake acheze nje na asichekwe. Hapo naona watu wa Alabama walipata jambo moja sawa, la kumwomba mzazi ruhusa, ingawa hilo la kuogopa salamu naona waliruka mpaka.

Hoja ya matajiri sitakaa nayo sana. Ni kweli ukiona picha za yoga unaona mikeka ya rangi, chupa za maji na watu waliovaa nguo za kubana. Lakini tangu mwaka 2007 shirika la Africa Yoga Project limekuwa Nairobi likiwafundisha vijana wa mitaa ya watu wa kawaida kuwa walimu wa mazoezi haya. Tena mtoto wa miaka mitano hahitaji mkeka wa kununuliwa. Gunia safi linatosha, au nyasi. Kupumua ndilo zoezi la pekee ninalolijua ambalo duka haliwezi kutuuzia vifaa vyake.

Sasa nije kwa yule aliyechekesha umma: kwani kuna mtoto asiyejua kupumua?

Kidato cha pili, katika somo la Biolojia, tulifunzwa kwamba chini ya mapafu pana msuli uitwao kiwambo. Unapovuta pumzi, kiwambo hushuka na mbavu hupanda, kifua kikapata nafasi, hewa ikaingia. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtoto wa chekechea huweza kufika mara 20 hadi 30, na hiyo kwake ni kawaida. Lakini mtu anapoogopa, awe mdogo awe mkubwa, moyo huenda mbio, mabega hupanda, na pumzi huwa fupi fupi za juu ya kifua. Mwili unajitayarisha kukimbia simba. Shida ni kwamba darasani hakuna simba. Kuna mwalimu, ubao, na herufi "b" ambayo inafanana na "d".

Ndugu yangu namjua. Nyumbani anazisoma herufi zote kwenye pakiti ya unga bila kukosea. Shuleni akiitwa mbele, mabega yanapanda hadi masikioni, anatweta kama aliyefukuzwa na mbwa, na herufi zote zinamtoroka. Hapo anagongwa vidole kwa rula. Viboko vilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikarudia jambo hilo kwa adhabu juu yake, lakini rula inaonekana haikusoma sheria hiyo. Baada ya kugongwa, je, anazikumbuka herufi? Hazikumbuki. Anakumbuka rula.

Huwezi kuuamuru moyo wako upige polepole. Jaribu sasa hivi uone. Lakini pumzi unaweza kuiamuru, na pumzi huuvuta moyo nyuma yake. Kuna neva kubwa iitwayo vagasi inayotoka kwenye ubongo na kuteremka hadi moyoni na tumboni. Unapotoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, neva hiyo huupunguzia moyo mwendo. Hii si imani, ni mwili ulivyoumbwa. Kwa hivyo jibu langu kwa yule mzazi ni hili: kila mtoto anajua kupumua, lakini si kila mtoto anajua kwamba pumzi yake anaweza kuishika usukani.

Je, kuna ushahidi kwamba jambo hili husaidia watoto wadogo? Upo, ila usiupigie ngoma kubwa kuliko ulivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 68 wa chekechea. Baadhi yao walifunzwa kwa wiki 12 kutulia, kuisikiliza pumzi na kuwajali wenzao. Walimu wao waliwapa alama za juu zaidi katika kuishi na wenzao kuliko watoto ambao hawakufunzwa. Walipopewa stika za kugawana, wale ambao hawakufunzwa walizidi kuwa wachoyo kadiri wiki zilivyopita. Lakini watoto 68 ni wachache, hata darasa letu na la jirani tukiungana tunawapita. Tena Uingereza, mwaka 2022, yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa aina hiyo kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule zaidi ya 80. Hao walikuwa wakubwa kidogo, wa miaka 11 hadi 13 walipoanza. Ikaonekana mafunzo yale hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya shule zao, na wengi hawakuyafanyia mazoezi nyumbani. Walionufaika kidogo walikuwa walimu: uchovu wa kazi uliwapungua.

Mimi matokeo ya Uingereza hayakunivunja moyo, bali yalinifundisha mambo mawili. Mosi, ukimkalisha mtu mwenye miaka 12 ukamwambia "zingatia pumzi yako," atazingatia kengele ya chakula. Mtoto wa miaka mitano naye hatakaa hata hiyo dakika moja. Kwake lazima iwe mchezo. Pili, aanze mwalimu. Mwalimu aliyetoka kugombana na makanga asubuhi, akaingia darasani amefura, hawezi kumtuliza mtu. Watoto husoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma ubao.

Na hapa ndipo ilipo hofu yangu kubwa, ambayo hakuna aliyeitaja siku ile. Hofu yangu si dini. Nahofia kwamba pumzi itageuzwa kuwa rula nyingine. Naweza kumwona mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati akigundua kwamba "haya, fumbeni macho, vuteni pumzi" ni njia nzuri ya kuwanyamazisha, na kutoka dakika tano ikawa nusu saa, kipindi kizima. Naweza kumwona mtoto aliyelia kwa sababu ana njaa akiambiwa apumue. Wewe! Mtoto mwenye njaa apewe uji. Mwenye haja apelekwe msalani. Aliyechoka kuketi afunguliwe mlango akimbie, maana mtoto wa miaka minne hakuumbwa akae kitako kama karani wa kaunti. Shule nyingi za mitaa hazina uwanja hata wa kurushia jiwe, na hilo zoezi la kupumua haliwezi kulifunika. Kama shule ina pesa za kitu kimoja tu, mimi ningesema inunue uji kwanza, kisha ifunguliwe pumzi, ambayo ni ya bure.

Kwa hivyo masharti yangu mengine ni haya, na nayasema kwa haraka. Isizidi dakika tano, na asilazimishwe mtu. Isitumiwe kamwe kama adhabu. Mtoto asiambiwe azuie pumzi, atoe tu na kuingiza. Asiambiwe asimame kwa kichwa, kwa sababu shingo ya mtoto si ya sarakasi. Asilazimishwe kufumba macho, wengine giza huwatisha na hatujui wameona nini kwao. Mwenye pumu au mafua apumue anavyoweza. Wasichana wavae kaptura ndani ya sketi. Na isifanywe mara tu baada ya kunywa uji, la sivyo tutaona uji huo kwa mara ya pili.

Tena si lazima somo jipya liundwe. Katika mtaala wa CBC, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, watoto wa PP1 na PP2 tayari wana shughuli za kuchezesha viungo na za ubunifu. Humo humo inaingia. Sisi wa kidato cha tatu, tuliofanya KCPE ile ya mwisho mwaka 2023, hatukuuonja mtaala huo, na pengine ndiyo sababu tunautazama kwa jicho la wivu. Tena elimu ya chekechea, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, iko mikononi mwa serikali za kaunti. Basi anayetaka kulalamika au kuomba asipande matatu kwenda Nairobi. Ofisi iko hapa hapa mjini.

Mchezo wenyewe uweje? Hapo ndipo ninapotaka tusiwe watu wa kunakili. Vitabu vya yoga ya watoto vimejaa mikao ya wanyama, na baadhi ya wanyama hao watoto wetu wanawajua kuliko waandishi. Mwambie mtoto wa Nakuru asimame kama heroe wa ziwani, mguu mmoja juu, mabawa wazi, atasimama mpaka akuchoshe. Mwambie awe twiga anayefikia tawi. Mwambie awe simba, atoe ulimi nje na kunguruma: hiyo ni pumzi ndefu ya kutoka, yeye anadhani anatisha watu. Kuna mapovu ya sabuni, ambayo hayatoki ukipuliza kwa pupa. Kuna kititia cha karatasi. Hata kuimba kwenyewe ni kutoa pumzi polepole, na nyimbo chekechea zimejaa.

Lakini ulio bora kuliko yote ni uji. Shika kikombe cha uji, hata cha kuwazia tu. Unuse vile unavyonukia, taratibu, kwa pua. Sasa umoto, upulize, polepole usije ukamwagika. Nusa tena. Puliza tena. Nimeujaribu na ndugu yangu jioni nyingi kabla hajasoma. Wakati mwingine hulala chali nikamwekea kizibo cha soda juu ya tumbo, kazi yake ni kukipandisha na kukishusha bila kukiangusha. Sidai kwamba amekuwa profesa. Nilichoona ni kwamba mabega hushuka, na juzi alisoma ukurasa mzima bila kunitazama usoni kuona kama nimekasirika. Kesho yake alimfundisha mama kunusa uji, naye mama, aliyekuwa amerudi kutoka sokoni na mboga nusu hazijauzwa, aliupuliza uji usiokuwepo kwa muda mrefu kuliko alivyoambiwa.

Nikiwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili, siwezi kumaliza bila kugusa lugha. Tazameni maneno haya: pumua, pumzi, pumzika, mapumziko. Lugha yetu haikutenganisha kupumua na kupumzika, imeyatoa katika chungu kimoja. Mtu aliyeponea jambo zito tunasema ameshusha pumzi. Kwa hivyo sioni kwa nini watoto wetu waufahamu mchezo huu kwa jina ambalo linawashtua babu zao. Sisemi tuwafiche wazazi asili ya yoga, hilo nimeshalisema. Nasema kile kinachobaki baada ya masharti yote yale, yaani heroe, simba, kizibo na uji, ni kitu chetu kiasi cha kustahili jina letu. Mimi nyumbani nauita mchezo wa pumzi, lakini jina hilo naliona limepwaya kidogo. "Kunusa uji" ni tamu zaidi, ila litawachanganya wapishi. Mwenye jina bora aliandike kwenye karatasi ampe mwalimu mlezi wa chama kabla ya mkutano wetu wa Ijumaa, nami nitalipeleka kwa yule mwalimu kijana, maana ameniambia ataomba ruhusa tena muhula wa pili.